Kitako nilichomchagulia baba mkwe, na mbogo aliyekuwa anamsubiri Kibombo

Wakuu, shikamooni mliotangulia kuzaliwa, na wengine wote nawasalimu.

Nimepitia uzi wa mkuu mmoja anayeuliza achague kitako cha staili gani kwa bunduki yake ya kuwindia, baada ya kile cha zamani kupasuka. Mmemshauri kila kitu. Cha mbao, cha plastiki, chenye tundu la kidole gumba, chenye mto wa shavu. Kuna mmoja kamwambia achukue kinachopendeza kwenye picha.

Hapo kwenye picha ndipo nilipoweka simu chini. Nikaona komenti haitatosha.

Hii si chai, wakuu. Yalinikuta mwenyewe, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Mimi asili yangu ni Kasai, ila nilifanya kazi na kuoa Kindu, Maniema, enzi hizo nchi inaitwa Zaire, chama kimoja, kila mtu anaitwa "sitwayeni", yaani mwananchi. Siku hizi niko Kigoma, ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka kidogo. Wajukuu bado wananicheka nikisema "njo" badala ya "ndiyo".

Nilikuwa natunza stoo kwenye karakana ya reli. Mke wangu, Zaina, ni binti wa mzee Ramazani wa Alunguli, ng'ambo ya mto. Nilisilimu ndipo nikampata, na ndugu zangu wa Kasai walininunia muda mrefu.

Dini nilibadili, lakini woga wa mkwe haukubadilika. Kwetu baba mkwe humtazami usoni. Huli naye sahani moja, humfundishi kitu, na akisema jambo unaitikia huku unaangalia miguu yako. Ukiwa na neno zito unalipitisha kwa mshenga aliyekuozesha.

Na wao watu wa Alunguli wana heshima yao. Zawadi ya mkwe haitiwi kasoro. Ukiikosoa umemkosoa aliyeileta, na ukiirudisha ni kama unamrudishia mahari yake.

Shikeni hayo mawili, maana ndiyo yalitaka kumuua mzee wa watu.

Mzee Ramazani alikuwa mwindaji mwenye kibali, na miaka ile kibali cha bunduki hakikuwa kitu cha kuokota. Bunduki yake ilikuwa ya Kibelgiji, ya zamani, unavuta chuma nyuma unasukuma mbele, risasi moja moja.

Siku moja akiteremka mtumbwini aliteleza akaiangukia. Mtutu ukapona. Kitako, sisi tulikiita krosi, kikapasuka shingoni, pale mkono unaposhika. Akakifunga kwa waya na mpira wa baiskeli, akaendelea kuwinda hivyo hivyo. Kila akipiga, ule ufa unamfinya kiganja mpaka damu.

Zaina akirudi kutoka kwao ananieleza mkono wa baba yake ulivyo. Mimi nafanya kazi mahali penye seremala na mbao. Niliona aibu.

Nikamtuma mshenga wetu, mzee Saidi, aende akaombe bunduki ile niiwekee kitako kipya kama zawadi yangu. Baba mkwe akakubali. Mshenga akaivusha mto pamoja na kibali chake, akaniletea karakana.

Sasa kuchagua.

Seremala wetu aliitwa Amuri. Kazi yake ilikuwa viti vya mabehewa, na siku kukiwa na msiba, majeneza. Kitako cha bunduki hakuwahi kutengeneza, lakini woga hakuwa nao hata kidogo. Ukutani alikuwa amebandika ukurasa wa katalogi ya Ulaya wenye picha za bunduki, sijui aliutoa wapi.

Tukasimama mbele ya ukuta ule kama watu wanaochagua kitenge.

Kulikuwa na kitako kilichonyooka, mstari mmoja tu, sawa na kile kilichovunjika. Kulikuwa na kingine chenye shingo iliyopinda kwa ajili ya kushika. Halafu kulikuwa na kile kizuri: shingo imepinda, mgongo umeinuka, na pembeni kina mto wa shavu uliovimba vizuri kama andazi.

Amuri alisema chochote atatengeneza, niseme mimi.

Nilikitazama kile kilichonyooka nikaona ni kitu cha kawaida mno. Mkwe hapelekewi kitu cha kawaida, hasa mkwe aliyekupa binti wakati majirani wanamwambia asikupe. Nikaweka kidole kwenye andazi.

Kwenye picha, bunduki yenye kitako hicho ilikuwa na darubini juu yake. Tuliiona wote wawili. Amuri akasema ile tuiache, maana hatuna. Nikamwambia ndiyo, tuiache.

Mnaojua bunduki mmeshashika vichwa. Subirini kwanza.

Alikichonga kwa libuyu, ule mti mwekundu wa makabati ya watu wenye uwezo. Akakipaka mafuta mpaka kikang'aa. Wafanyakazi wa karakana walikuja kukipapasa. Mimi kichwa kimevimba.

Jumapili tukavuka mto, mimi, Zaina na mshenga. Ukumbi umejaa, mashemeji, majirani, mama mkwe yuko nyuma ya pazia kwa sababu yangu. Mshenga akasema maneno yake, akafungua kitenge, watu wakaguna kwa kupendezwa.

Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akapitisha kiganja kwenye ule wekundu. Halafu akafanya kile ambacho mwindaji yeyote hufanya, akaipandisha begani.

Mimi nilikuwa naangalia miguu yangu kama inavyotakiwa. Ila zawadi ni yangu, nikaiba jicho.

Nikaona shavu lake limekalia ule mto, na jicho lake liko juu kabisa, linaangalia hewa. Akashusha shingo. Mto ukamkatalia. Akalaza kichwa upande, akasukuma uso mbele, kama mtu anayechungulia chini ya mlango. Jicho halikufika kwenye alama za kulengea.

Ule mto wa shavu, wakuu, ni wa mtu mwenye darubini. Darubini inakaa juu, kwa hiyo shavu linainuliwa lifuate. Bunduki ya mzee ilikuwa na alama za chuma tu, ziko chini, zimelala kwenye mtutu. Jicho likikaa juu yake, unaiona alama ya mbele imesimama ndefu, na risasi inakwenda juu ya ulichokilenga.

Wakati ule sikujua kulieleza hivi. Nilijua tu kwamba mzee haoni.

Akaishusha. Kisha akasema mbele ya watu wote:

"Iko muzuri, mukwe. Iko muzuri sana. Aksanti."

Watu wakapiga makofi.

Mtauliza kwa nini hakuijaribu kwenye ubao. Wakuu, risasi zilikuwa za kuomba ofisi ya serikali, na unapewa chache, kila moja ni ya mnyama. Halafu upige bunduki pale mjini uone askari watakavyokuja. Hakuna aliyejaribu bunduki kwa kujifurahisha.

Kwa nini asiipeleke kwa Amuri kimya kimya apunguze? Amuri angemwambia mkewe, na jioni Alunguli nzima ingejua kwamba mzee Ramazani hakuipenda zawadi ya Mukasai wake.

Na mimi kwa nini nisiseme? Nimeshawaambia. Anayesema ni mshenga, na mshenga wetu wiki ile ile alikwenda Kampene kwenye biashara zake za machimboni. Kurudi kwake alikuwa anakujua mwenyewe.

Nikamwambia Zaina. Akaniangalia kama nimemwomba auze watoto.

"Baba Ngalula," akaniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, "mimi niseme nini? Nimuambie baba zawadi ya bwana yangu iko mubaya? Na yeye anaisifu kwa kila muntu."

Ndivyo ilivyokuwa. Mzee alikuwa anaisifu msikitini, anaisifu sokoni. Kila nikisikia sifa hizo nageuza njia. Nilijiambia hana safari ya kuwinda karibuni, mshenga atarudi, tutayamaliza kiutu uzima. Nilikuwa stoo nahesabu misumari huku naona shingo ya mzee ikichungulia chini ya mlango.

Nusura nimfuate mshenga Kampene kwa miguu.

Halafu ikaja habari ya mbogo.

Upande wa Kibombo, kijiji kimoja karibu na reli, mbogo dume aliyejeruhiwa na mtego alikuwa amehamia kwenye mashamba ya mihogo. Alimkanyaga mama mmoja akilima, mama akafa. Watu wakaacha mashamba. Ofisi ikamwita mzee Ramazani aende, na kesho yake kulikuwa na treni.

Zaina aliniletea habari hiyo karakana, mchana, jasho linamtoka. Alikuwa ametoka kwao. Akanieleza kwamba baba yake anafunga mzigo, na kwamba mama yake anakunja nguo tu.

Asiyejua mbogo aliyejeruhiwa amuulize anayejua. Risasi ikipita juu yake hakimbii. Anakuja ilikotoka.

Nilikwenda kwa mkubwa wangu nikaomba ruhusa nikadanganya kuna msiba. Nikaazima kwa Amuri tupa ya mbao, patasi na msasa, nikavifunga kwenye kitambaa. Amuri akauliza vya nini. Nikamwambia kitanda.

Asubuhi nilipanda behewa la nyuma. Mzee alikuwa la mbele, bunduki ameifunga kitenge, ameisimamisha katikati ya magoti. Sikuweza kwenda kukaa karibu naye, siwezi kukaa benchi moja na mkwe. Wakuu, fikirieni nafsi yangu. Nasafiri na mtu kumwokoa na siwezi kumsogelea.

Treni zetu mnazijua, inakwenda inasimama, inasubiri kuni, inasubiri kitu ambacho hata dereva hakijui. Kila inaposimama najiambia sasa nitashuka niende behewa la mbele. Nashuka. Nanunua ndizi. Narudi.

Nina ndizi mpaka aibu.

Tulipofika mzee akaniona nimesimama kwenye mawe ya reli na kitambaa changu. Hakushtuka. Aliuliza tu kama Zaina na watoto hawajambo. Nikaitika hawajambo. Akaanza kutembea, nikamfuata kwa mbali, mpaka kijijini.

Kijiji kilikuwa kimya, watu wamejifungia. Mkuu wa kijiji akatuonyesha njia ya shambani kwa kidole, yeye mwenyewe hakutoka barazani. Mzee akaomba maji, akatawadha, akasali. Akatoa risasi zake akazipanga kwenye kitambaa. Nikaona anaipandisha bunduki begani, anashusha shingo, anaishusha bunduki, anaipandisha tena. Mara nyingi. Alikuwa anajifundisha kuchungulia.

Hapo kitu kikanikatika ndani. Nikaenda nikapiga magoti mbele yake kwenye vumbi, nikaweka tupa na patasi chini.

"Baba, unisamehe. Krosi hii haikufai. Mimi njo nilichagua vibaya. Ukipiga nayo, risasi itapita juu ya mbogo."

Nilikuwa naangalia vidole vya miguu yake. Nilidhani ataondoka tu.

"Nilijua toka siku ile ulinipatia," akasema. "Nilisema nitashusha kichwa, nitazoea."

Nikamuuliza, Mungu anisamehe kwa kumhoji mkwe, kwa nini basi hakuirudisha.

"Ningeirudisha, watu wa Alunguli wangesema nimekurudisha wewe. Mutoto wangu angerudi kwangu na watoto wake, na wewe ungerudi Kasai. Nilipima. Niliona heri nijaribu hii mbogo."

Wakuu, nililia. Mtu mzima, mbele ya mkwe. Mzee alikuwa anakwenda kufa ili mimi nisiaibike, na mimi nusura nimwache aende ili yeye asiaibike.

Akanipa bunduki. Kazi ikaanza.

Lakini kupunguza mto si kukata ovyo. Ukizidisha, jicho linazama chini, na mbao haiongezeki. Mzee akasema iko njia moja, aliyofanyiwa na baba yake. Mwenye bunduki anafumba macho, anaipandisha begani kama kawaida, anafumbua. Mtu mwingine anasimama mbele ya mdomo wa bunduki, anatazama juu ya mtutu, anasema jicho limekaa wapi.

Mzee akatoa kile chuma chote cha nyuma, akamkabidhi mkuu wa kijiji pamoja na risasi. Bunduki ilikuwa bomba tupu. Akaomba mtu asimame mbele. Mkuu wa kijiji akakataa. Wanaume wawili waliochungulia mlangoni wakafunga mlango.

Tukabaki sisi wawili.

Baba mkwe kumwelekezea mkwe bunduki, kwetu na kwao, hilo ni jambo la kuitishia kikao. Na mimi kumtazama machoni sikuwahi, tangu siku naomba binti yake. Nikasimama mbele ya ule mdomo.

Akafumba. Akapandisha. Akafumbua.

Nikaona jicho la mzee Ramazani. Lilikuwa na ukungu kidogo pembeni, na wekundu wa mtu asiyelala. Kumbe naye hakuwa analala.

Lilikuwa juu mno. Nikamwambia juu. Nikapiga magoti, nikakwangua kwa tupa, unga mwekundu unaanguka kwenye suruali yangu. Nikasimama tena. Juu bado. Nikakwangua. Andazi la Amuri likaisha, tukaingia kwenye mgongo wenyewe. Naogopa kuzidisha, na jua linasogea, na huko shambani tunasikia mihogo inavunjika.

Mpaka akafumbua na jicho lake likawa limekaa sawasawa juu ya alama ya nyuma, ananiangalia mimi, mimi namwangalia yeye.

"Hapo, baba," nikasema.

Msasa hatukuwa na muda nao. Akarudisha chuma chake, akachukua risasi, akaingia mihogoni peke yake. Aliniambia nibaki barazani.

Kusubiri kule siwezi kuwaeleza vizuri. Nilikuwa naomba dua ya Kiislamu na Baba Yetu niliyofundishwa utotoni, zote pamoja, ipi itangulie itangulie. Nilifikiri nimekwangua kidogo mno. Kisha nikafikiri nimezidisha. Niliuona unga ule mwekundu chini nikataka kuuzoa niurudishe.

Mlio wa kwanza.

Kimya.

Mbogo akiwa amekufa watu husikia akianguka, ndivyo mkuu wa kijiji alivyonong'ona. Hatukusikia kuanguka. Tulisikia mihogo ikivunjika kwa kasi, ikija, halafu mlio wa pili, karibu zaidi, halafu kishindo.

Hakuna aliyetoka ndani. Nilikwenda mimi, mikono mitupu, sijui nilidhani nitafanya nini.

Nilimkuta amekaa chini, kofia imeanguka, mbogo amelala hatua chache kutoka miguuni pake. Alikuwa anapangusa shavu. Nikadhani amepigwa pembe. Kumbe ni vibanzi vya libuyu, ule mkwaruzo wa tupa yangu ulikuwa umemwingia shavuni wakati bunduki inaruka. Aliniambia risasi ya kwanza ilipiga begani, pale pale alipolenga. Ya pili kwenye paji.

Zaina alimtoa vile vibanzi kwa sindano, siku mbili.

Sasa habari za kijiji zilifika Kindu kabla nyama haijakauka. Kwamba mzee Ramazani alimwelekezea mkwe wake bunduki, na mkwe akamkazia macho. Mshenga aliporudi kutoka Kampene alikuta kikao kinamsubiri. Wazee wa Alunguli wamekaa, na ndugu zangu wa Kasai nao wamekuja wamevaa abakosti, zile suti za Zaire zisizo na tai, kana kwamba wanakwenda mkutano wa chama. Wote wamekasirika, kila upande kwa sababu yake.

Nilitozwa mbuzi. Mzee naye alitozwa mbuzi. Tulitoa bila kubisha.

Kabla ya kutawanyika mkubwa wa kikao akamuuliza mzee Ramazani kama anajuta. Nilikuwa nimekaa nyuma, naangalia miguu yangu.

"Mutoto wangu nilimupa muntu huyu miaka mingi," mzee akasema, "na sikujua iko na macho gani. Sasa najua. Mbuzi ingine mukitaka nitatoa."

Nikainua uso. Alikuwa ananitazama, nami nikamtazama, mbele ya kikao chote, na hakuna aliyethubutu kututoza tena.

Kwa hiyo mkuu uliyeuliza kule: kitako kizuri ni kile ambacho ukifumba macho, ukaipandisha, ukafumbua, jicho lako liko mahali pake. Kama utafunga darubini, chukua chenye mto. Kama ni alama za chuma, chukua kilichonyooka na uachane na picha. Na kama unamchagulia mtu, mwite ajaribu mbele yako, halafu muulize, na akikujibu "iko muzuri" haraka sana, muulize tena.

Wenye wakwe, nyie kwenu mambo kama haya mnayasemaje? Na wawindaji, kama kuna mahali nimeeleza vibaya nisahihisheni, sitanuna.